Pampu ya Kuongeza Presha ya Maji Bafuni: Ipi Inafaa Nyumba Ipi?

Kabla ya kulinganisha pampu yoyote na nyingine, weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua, fungua koki hadi mwisho, kisha uangalie saa. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 10 kwa dakika, kiasi kinachomtosha mtu kuoga na kusuuza povu kichwani bila manung'uniko. Ikichukua dakika mbili na nusu, unapata lita 4, na hapo ndipo mwogaji huanza kusogea huku na huko akiyafuata maji. Vichwa vipana vya bomba la mvua, vile vyenye ukubwa wa sahani, huhitaji zaidi, mara nyingi lita 12 hadi 20 kwa dakika. Namba hiyo ya ndoo huamua mengi, lakini ni nadra muuzaji kuiulizia. Swali lake la kwanza huwa ni "unataka ya hosipawa ngapi?", na mnunuzi huishia kubeba mashine yenye nguvu mara tatu ya haja yake.

Namba ya pili ni kimo. Maji yanayoshuka kutoka tangini husukumwa na uzito wake yenyewe, na kila mita 10 za kimo, ukipima kutoka uso wa maji tangini hadi kwenye kichwa cha bomba la mvua, huleta presha ya takriban baa 1 (kipimo cha mafundi, si mahali pa kinywaji). Tangi lililo mita 2 tu juu ya kichwa cha mwogaji huleta sehemu mbili za kumi za baa. Kuliinua mita 1 zaidi, kazi inayodai nondo, saruji na watu wa kulipandisha, kunaongeza sehemu moja ya kumi, ilhali pampu ndogo kuliko zote nitakazozitaja hapa huongeza takriban mara nane ya hapo. Kuanzia sasa nitaitaja presha kwa mita, kwa kuwa ndivyo inavyoandikwa kwenye vibao vya pampu.

Mara nyingine, hata hivyo, tatizo halihitaji pampu. Kichwa cha bomba la mvua kilichozibwa na chumvi ya maji kinaweza kuloweshwa kwenye siki usiku kucha na asubuhi kikarudi katika hali yake. Koki kuu iliyofungwa nusu na mtu aliyekuja kurekebisha kitu kingine ni jambo la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri. Kisha kuna bomba lenyewe. Katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15, lita 10 kwa dakika hupoteza karibu mita 1.7 za presha katika urefu wa mita 20, kwa msuguano peke yake, kabla ya kuhesabu kona na viungo. Katika bomba la milimita 20, hasara hiyo hushuka hadi karibu mita 0.4. Mwenye tangi lililo mita 2 juu ya bafu, na bomba jembamba linalozunguka nyumba nzima, amekwisha kupoteza karibu kila alichopewa na kimo. Kumbadilishia bomba kunaweza kumfaa kuliko kumwekea mashine, na bomba pana halitumii umeme wala halipigi kelele.

Ikiwa hayo yote yamekaguliwa na ndoo bado inachelewa, sasa tuzitazame pampu zenyewe.

Pampu ndogo ya kuunga kwenye bomba

Hii ndiyo pampu inayokaa katikati ya bomba kama kiungo kikubwa, bila msingi wa zege, ikiwa na mota ya wati 90 hadi 260 hivi na uwezo wa kuongeza mita 8 hadi 15. Rota yake, yaani sehemu inayozunguka, hukaa ndani ya maji yenyewe, nayo maji huipoza na kuzilainisha beringi zake, ndiyo maana haina feni na sauti yake haizidi sana ile ya jokofu. Kwa sababu hiyo hiyo, haivumilii kuzunguka bila maji, na mhimili wake sharti ulale sawa na sakafu. Ukiufunga ukiwa umesimama, hewa hujikusanya juu na beringi hukauka upande mmoja. Wafungaji wengi hulipuuza hilo kwa kuwa pampu huwaka vizuri siku ya kwanza.

Soma kibao chake kwa uangalifu. Kikisema mita 10 na lita 25 kwa dakika, hakimaanishi kwamba utavipata vyote viwili kwa pamoja: mita 10 ni pale maji yanapokuwa yamezuiwa yasitoke kabisa, na lita 25 ni pale yanapotoka bila kizuizi chochote. Katikati, kwenye lita 10 unazozitaka, huenda ukabaki na mita 6 au 7. Hata hivyo, mita 6 zikijumlishwa na 2 za tangi ni presha mara nne ya uliyokuwa nayo, na kwa bafu moja au mawili yasiyotumika kwa wakati mmoja, hiyo ni nafuu kubwa.

Pampu ya nusu hosipawa

Pampu hii ya wati 370 inajulikana na kila fundi, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi, na mara nyingi bei yake haipishani sana na ya ile ndogo. Ndani yake kuna gurudumu moja la shaba lenye meno madogo mengi kwenye ukingo, linalozunguka karibu kabisa na kuta zake, na ukaribu huo ndio unaoipa uwezo wa kufikisha mita 30 hadi 40 licha ya udogo wake. Ukaribu huo huo ndio udhaifu wake. Punje za mchanga zilizotulia chini ya tangi, zikivutwa, hukwaruza shaba hadi nafasi ikaongezeka na presha ikashuka kidogo kidogo, au hukwama na mota ikabaki ikivuma bila kuzunguka. Mwenye tangi lisilosafishwa mara kwa mara asiinunue bila chujio mbele yake. Kelele yake pia si ndogo; ikifungwa juu ya dari ya chumba cha kulala, atakayeoga saa kumi na moja alfajiri ataiamsha nyumba nzima.

Ukiilinganisha na ile ndogo, hii ina nguvu kupita kiasi kwa bafu moja na inaanza kuwa na maana katika nyumba yenye mabafu matatu, au ya ghorofa, au yenye mabomba marefu. Kwa upande wa umeme tofauti yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: watu wanne wakioga dakika 10 kila mmoja, pampu ya wati 120 hutumia uniti 0.08 na ya wati 370 hutumia uniti 0.25 au zaidi kidogo. Kwa hiyo gharama ya umeme peke yake isiwe sababu ya kuikataa. Kelele, mchanga na hita, ambayo nitaifikia, ni sababu nzito zaidi.

Zile kubwa zaidi

Pampu ya jeti, ya robo tatu au hosipawa moja, inajua kufanya jambo ambalo nyingine hazilifanyi vyema: kuvuta maji kutoka tangi lililo chini yake na kuitoa hewa yenyewe baada ya kujazwa maji mara ya kwanza. Hakuna pampu ya juu ya ardhi itakayovuta kutoka kina chochote unachotaka, kwa kuwa kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa iliyo nje, na kwa matumizi ya kawaida mita 7 ni mwisho wa busara. Kama tangi lako liko juu ya paa, sifa hiyo haina kazi kwako, na utakuwa umeinunua pamoja na makelele yake.

Pampu ya hatua nyingi ina magurudumu matatu, manne au matano yaliyopangwa kwenye mhimili mmoja, kila moja likiongeza kidogo juu ya lililotangulia. Ni tulivu kuliko ya jeti na hupata presha ile ile kwa umeme mdogo zaidi. Kwa nyumba kubwa ningeichagua hii bila kusita.

Pampu ya inveta, kwa kawaida, ni hiyo hiyo ya hatua nyingi ikiongezewa kompyuta ndogo inayopima presha na kubadilisha kasi ya mota. Ukiiambia mita 25, itabaki mita 25, awe anaoga mtu mmoja au jikoni na bafu la pili vimefunguliwa pia. Raha yake inaonekana pale mtu anapooga na mwingine akafungua koki ya bustani: kwa pampu nyingine maji hunywea na yule mwenye sabuni machoni hupiga kelele, kwa hii hajui kilichotokea. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya nusu hosipawa, na bodi yake ya elektroniki haipendi umeme unaopanda na kushuka. Ikiungua, fundi wa kawaida hawezi kuitengeneza; hubadilishwa nzima.

Pampu inajuaje kwamba koki imefunguliwa?

Hapa ndipo ninapoona watu wakikosea zaidi, kwa sababu hulinganisha mota na kusahau swichi, ilhali kero nyingi za kila siku hutoka kwenye swichi.

Pampu ndogo huwa na swichi ya mtiririko. Ndani yake mna kipande chepesi chenye sumaku, ambacho maji yakipita hukisukuma, nayo sumaku huwasha mota. Ni rahisi na ya kudumu, ila ina sharti moja: maji lazima yaanze kupita yenyewe kabla pampu haijawaka, kwa kawaida lita 1.5 hadi 2 kwa dakika. Rudi kwenye ndoo. Kama kimo cha tangi lako kinaleta lita 1 tu kwa dakika, au kama chini ya tangi liko sawa na kichwa cha bomba la mvua, swichi haitasukumwa na pampu itakaa kimya ukiwa umesimama chini yake. Kuna swichi ya pembeni ya kuiwasha kwa mkono, lakini atakayeisahau ikiwa imewashwa huku koki zote zimefungwa ataiharibu.

Swichi ya presha, pamoja na tangi dogo la presha, haina sharti hilo. Husubiri presha ishuke hadi mita 14 hivi ndipo iwashe, na huzima ikifika mita 28. Tangi la presha lina mpira ndani, hewa upande mmoja na maji upande mwingine, na katika tangi la lita 24 maji yanayotoka kabla pampu haijawaka ni lita 8 hivi, si 24. Kasoro yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba presha hupanda na kushuka wakati wa kuoga, na mwogaji huihisi. Ya pili niliijua usiku mmoja nikiwa nimelala: pampu ikalia sekunde chache, ikanyamaza, na baada ya dakika nne hivi ikalia tena. Nilikagua koki zote na zilikuwa kavu. Mwishowe nilitega sikio kwenye tangi la choo na kusikia mnong'ono mwembamba. Boya lilikuwa halifungi sawasawa, na maji yalikuwa yakipita kwenye ukuta wa choo kama uzi usioonekana. Swichi ya mtiririko isingelisikia tone hilo hata kidogo, lakini swichi ya presha ililihesabu usiku kucha. Wala tangi la presha halikusaidia, kwa sababu hewa yake ilikuwa imeisha. Linapaswa kupimwa likiwa halina maji, na hewa yake iwe chini kidogo ya presha ya kuwashia, mita 12 kwa swichi iliyowekwa 14.

Kuna na kidhibiti cha elektroniki, kile kiboksi chenye taa kinachokaa juu ya pampu ya nusu hosipawa. Huwasha presha ikishuka, kwa kawaida hadi mita 15, huiacha pampu ikizunguka muda wote maji yanapopita, kisha huizima sekunde chache baada ya koki kufungwa. Sifa yake kubwa ni kuzima pampu maji yakiisha tangini. Ina mipaka inayosahaulika: koki ya juu kabisa isiwe zaidi ya mita 15 juu ya kiboksi, la sivyo uzito wa maji yaliyo bombani utakidanganya kwamba presha ipo, na pampu yenyewe iwe na uwezo wa kufikisha kama mita 23 au zaidi, ndiyo maana hakifai kabisa kwenye pampu ndogo ya mita 10.

Hita hubadilisha hesabu

Mwenye hita ya papo kwa papo kwenye bomba la mvua asome sehemu hii mara mbili. Hita ya kilowati 5.5 hupandisha joto la lita 4 kwa dakika kwa karibu nyuzi 20: maji yaliyoingia yakiwa nyuzi 22 hutoka yakiwa 42, ya kuogea vizuri. Ukiongeza pampu na maji yakawa lita 8 kwa dakika, hita ile ile itapandisha nyuzi 10 tu, na utaoga kwa nyuzi 32, vuguvugu la kukatisha tamaa. Hita haijaharibika na pampu haijaharibika. Umeme ule ule umegawanywa kwa maji mengi zaidi. Kwa nyumba ya aina hii pampu ndogo inatosha, tena mara nyingi itabidi koki ipunguzwe kidogo. Ya nusu hosipawa hapa ni hasara tupu, na kama hita ina kikomo cha presha kwenye kibao chake, inaweza kuwa hatari.

Wenye maji moto ya tangi wana swali jingine: je, tangi hilo linastahimili presha? Tangi lenye bomba la kupumulia lililo wazi, na hita za jua zenye mirija ya vioo na tangi lisilo la presha, havipaswi kusukumiwa maji kwa pampu, kwani ama vitamwaga maji kupitia tundu la kupumulia, ama vitapasuka kwenye mishono. Huko pampu huwekwa upande wa kutokea maji moto, na lazima kibao chake kiseme inavumilia joto hilo, kwa kuwa maji ya jua yanaweza kukaribia kuchemka. Kusukuma maji baridi peke yake, huku ya moto yakishuka kwa uzito wake, hakufai pia: kwenye koki ya kuchanganyia, baridi huizidi nguvu moto na kuirudisha ilikotoka. Dawa yake ni pampu yenye vichwa viwili kwenye mota moja, kimoja kwa baridi na kimoja kwa moto, au pampu mbili ndogo zinazolingana.

Ningechagua ipi

Kwa tangi la paani lililo angalau mita 1 au 2 juu ya bafu, mabafu mawili, na hita ya papo kwa papo, nisingejadili: pampu ndogo ya kuunga kwenye bomba, ya wati 120 hivi. Kwa nyumba hiyo hiyo lakini isiyo na hita ya papo kwa papo, na tangi likiwa sawa na kichwa cha bomba la mvua, ningechukua ya nusu hosipawa yenye kidhibiti cha elektroniki, nikavumilia kelele zake kwa kuiweka nje, juu ya mpira mzito, na kuiunga kwa mipira laini isiyopeleka mtetemo kwenye kuta. Tangi likiwa ardhini na nyumba ikiwa na ghorofa, ya hatua nyingi. Na kama umeme ni thabiti na mfuko unaruhusu, ya inveta. Jeti ningeiacha kwa mwenye kuvuta maji kutoka shimoni.

Jambo ambalo nisingelifanya kwa pampu yoyote ni kuiunga moja kwa moja kwenye bomba linalotoka mtaani. Huvuta maji ya majirani, na presha ikishuka chini ya kawaida, uchafu unaweza kuingia kupitia nyufa za bomba kuu. Mamlaka nyingi za maji hukataza jambo hilo. Maji yaingie kwanza tangini, pampu ivute kutoka tangini.

Katika ufungaji, waya wa ethi na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, ni lazima, kwa kuwa mashine hii inaunganisha umeme na mtu aliyelowa. Weka chujio kabla ya pampu na yunioni (kiungo kinachofunguka) kila upande ili iweze kutolewa bila msumeno. Na umwambie fundi aunge bomba la kupitia pembeni, likiizunguka pampu kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea, likiwa na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo pampu itasukuma maji yazunguke mahali pamoja. Umeme ukikatika au pampu ikipelekwa kutengenezwa, vali hiyo hufunguka yenyewe, na nyumba itaoga kwa maji ya tangi kama zamani, polepole, lakini itaoga.